Jiwe Lenye Kitako Kizito

Mume wangu anaitwa Adalbert, lakini hapa Kasungami, mtaa wetu wa Lubumbashi, hakuna anayemwita hivyo. Ni Papa Diamant, yaani Baba Almasi. Wanawake wanaorudi shambani wanamwita hivyo, padri wetu anamwita hivyo, hata mimi nikikasirika namwita hivyo, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe anaijua. Jina hilo alikuja nalo kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, ambako kwa miaka mingi alikuwa na ofisi ya kununua almasi kwa wachimbaji. Vijana walimwaga mawe mezani, naye akayageuza kwa koleo, akafumba jicho moja, akasema hili ndiyo, hili hapana. Sikuwahi kumwona akikosea. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nimeolewa na mwongo.

Ila mawe yale yalikuwa ghafi. Mengine yalifika mezani bado yana udongo. Jiwe ghafi, ukishajua rangi yake na usafi wake, kinachobaki ni uzito, na mwenye jiwe zito ndiye mwenye mali. Kukatwa yalikwenda kukatwa huko mbali, na yakishakatwa hayakurudi tena kwetu. Katika ndoa yetu yote sijamwona Adalbert ameshika almasi iliyokatwa. Pete yangu mimi ni dhahabu tupu, na hata hiyo niliidai kwa kelele.

Lakini Lubumbashi ni mji wa shaba. Watu wa hapa wakisikia umetoka Kasai wanadhani ulinyonya almasi badala ya maziwa. Mtu akipewa kidani na bwana yake, anakuja kwetu. Adalbert anakitazama, anakohoa, anasema neno zito, na mtu anaondoka ameridhika. Nilikuwa naona, nakaa kimya. Nilijiambia ni mchezo wa mzee aliyestaafu, haumdhuru mtu.

Kisha akaja Mapalo.

Mapalo ni kijana wa Kibemba, anafanya kazi ya kusimamia karatasi za forodha za malori kule Kasumbalesa mpakani, kazi wanayoiita déclarant. Alitaka kumwoa Ntumba, kitinda mimba wetu. Siku moja akamtuma Ntumba kwa baba yake na ombi: anataka pete ya uchumba iwe na almasi, lakini hathubutu kununua jiwe kabla jicho la baba mkwe halijalipitia. Hiyo ni heshima, na heshima kubwa. Mkwe anayetaka kuoa vizuri anamwachia baba wa binti neno la kwanza, na neno la kwanza likishatoka hakuna la pili. Adalbert alifurahi mpaka akasahau kunywa chai yake.

Mimi sikufurahi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ananyoa ndevu uani, nikamuuliza.

"We, jiwe ya kukatwa unayijua?"

"Albertine, jiwe ni jiwe."

"Ile ya mu udongo na ile ya mu pete haiko sawa."

"Unaanza kunifundisha kazi yangu?"

Mimi nauza vitambaa sokoni. Najua kitambaa kwa kukishika tu, hata macho nikifumba, lakini ukinipa mkasi nikushonee gauni nitakuharibia. Sikumwambia hilo. Alikuwa na povu usoni na furaha machoni, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuifuta.

Tulikwenda mjini wote wanne, mimi, Adalbert, Ntumba na Mapalo, kwenye duka dogo la vito katikati ya jiji. Mwenye kuuza alikuwa kijana anayeitwa Dédé, mpole, aliyejifunzia kazi hiyo Ubelgiji. Mimi nilikaa karibu na mlango, kitambaa cha kichwa nimekishusha mpaka kwenye nyusi, maana kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni wala hawasemeshani hivi hivi. Ni heshima ya buko, yaani heshima ya ukwe. Lakini heshima hiyo inafunga macho na mdomo, haifungi masikio. Nilisikia kila kitu. Na kwa pembeni, Mungu anisamehe, niliona pia.

Dédé aliweka mawe mawili juu ya kitambaa cheusi, kila moja na karatasi yake ya vipimo. Ukiyatazama kutoka juu yalikuwa na upana uleule.

"Mbele ya uzito, tutazame kwanza namna bilikatwa," alisema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo njo ni ndiyo. "Vipimo njo binasema kama jiwe itawaka."

Akaeleza, na alieleza vizuri kiasi kwamba hata mimi wa mlangoni nilielewa. Almasi ya mviringo ina uso bapa juu, wanauita meza. Kutoka mezani mabega yanashuka mpaka kwenye mkanda wa kiuno, na chini ya mkanda kuna kitako kinachochongoka. Mwanga unaingia mezani, unagonga kuta za kitako, unarudi juu kwenye jicho lako. Kitako kikiwa na kina kinachofaa, karibu mwanga wote unarudi. Kikiwa kirefu mno, unatorokea pembeni, na katikati ya jiwe panabaki giza. Kwa hiyo wanapima kina chote cha jiwe dhidi ya upana wake: sitini kwa mia, au sitini na mbili, hapo panapendeza. Jiwe la kwanza lilikuwa hapo. La pili lilikuwa sitini na saba.

"Hii ya pili iko na uzito mingi," Dédé alisema, "lakini uzito yote imekaa huku chini, na hapa mu mukanda. Pale jicho haifikake."

Adalbert hakuwa anasikia. Tangu neno uzito litajwe, mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kioo chake kidogo cha kutazamia mawe.

"Nipe ile ya uzito."

Akalishika kwa koleo, akafumba jicho moja. Kwa dakika hiyo alikuwa Adalbert wa zamani, na mimi nilimpenda, siwezi kukana. Akaligeuza polepole.

"Iko na kadoti keusi, hapa pembeni, chini ya meza. Kadogo. Haina neno." Akashusha kioo. "Njo hii. Sisi bantu ya Kasai hatununuake mwanga. Tunanunuaka jiwe."

Sasa, Ntumba alikuwa ameshaniambia nyumbani kwamba Mapalo alisoma mambo hayo kwenye simu yake wiki nyingi, mpaka alijua pembe za kitako kama anavyojua ushuru wa saruji. Niliona viatu vyake vinasogea sakafuni.

"Papa, pardon," alisema, sauti chini kabisa. "Profondeur ya hii, kina yake, haiko mingi kidogo?"

"Mutoto, we uko déclarant. Mimi nikifika Kasumbalesa, ninakufundishaka namna ya kupitisha lori?"

"Apana, Papa."

"Donc, basi?"

Dédé alipanga koleo zake ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Donc ni hii, mukwai," alisema Mapalo, kwa neno la heshima la Kibemba.

Niliinua kitambaa kidogo nikatazama meza. Chini ya taa yale mawe yalikuwa yamelala pamoja. Lile jepesi halikutulia, lilicheza kila mtu alipopumua. Lile la mume wangu lilikuwa na doa la giza katikati, kama kichwa cha msumari. Hapakuhitajika kioo. Hapakuhitajika Ubelgiji. Niliona haya mpaka masikio yakawasha: haya ya mume wangu, na haya ya kijana yule aliyekuwa anatoa jasho lake kununua kitu anachojua ni kibovu, kwa sababu tu mama yake alimlea vizuri. Nilishusha kitambaa changu. Nilikuwa na mdomo, na sikuutumia.

Tuliporudi, Adalbert alilihadithia jiwe lile mtaa mzima. Aliwaambia wanakwaya. Alimwambia fundi wa baiskeli. Uzito uliongezeka kila alipolisimulia, na mimi kila aliponitazama nimuunge mkono nilikuwa na chungu cha kutazama jikoni.

Siku ya kuleta mahari ilikuwa Jumamosi, mchana, hapa hapa nyumbani. Tulikodi viti na turubai. Upande wa Mapalo waliongozwa na baba yake mdogo, Papa Kunda, mwalimu wa zamani, mtu mfupi mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Pamoja naye alikuja shangazi wa Mapalo, Mama Chilufya, na ndugu wengi wenye sauti nzuri za kuimba. Mambo yalikwenda sawa. Mbuzi walipokelewa, vitambaa vilikunjuliwa vikakunjwa tena, wasemaji wa pande zote mbili walitaniana jinsi inavyotakiwa. Kisha Mapalo akafungua kiboksi na kumvika Ntumba pete.

Jiwe likawaka.

Sijui niseme vipi. Turubai lilikuwa na tundu, jua linapita, na kila Ntumba alipotikisa kidole cheche zilikimbia mpaka kwenye shati la msemaji wetu. Watu walisema aah kwa pamoja. Na mimi niliona haya upya, haya ya aina nyingine: nilidhani nimemhukumu mume wangu bure. Nilijiambia, wewe Albertine na macho yako ya sokoni, unajua nini.

Adalbert alisimama. Hakuna aliyemwomba.

"Munaona? Munaona ile jiwe? Bantu banauliza Papa Diamant anajua nini. Jicho hii njo iliichagua! Dédé alikuwa anasema vipimo, vipimo. Nikamwambia, acha vipimo yako, mutoto!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Hapo angekaa. Ningekuwa na nguvu ningemvuta koti. Lakini alitoa kioo chake, akamwendea Ntumba, akaushika mkono wake ili awaonyeshe wakwe jinsi mjuzi anavyotazama. Akafumba jicho moja. Akatazama. Akaendelea kutazama, mpaka makofi yakaisha yenyewe.

"Hii haiko jiwe yangu," alisema.

Msemaji wetu alidhani ni utani, akacheka peke yake.

"Ile yangu ilikuwa na kadoti keusi pembeni. Mimi sisahauke jiwe. Hata moja. Hii haina kadoti, na ni kadogo mu uzito." Akageuka. Sauti yake ilipanda. "Mapalo. Ulibadirisha jiwe? Ulipeleka ile munene, ukaleta kadogo?"

Papa Kunda alikuwa ameshasimama.

"Papa Adalbert, muchunge maneno yenu. Hatukukuja hapa kuitwa bamwizi."

"Muulizeni mutoto wenu!"

Wote wakamgeukia Mapalo. Nami nikamtazama, kupitia ukingo wa kitambaa. Alitembea mpaka mbele ya mume wangu akapiga goti kwenye vumbi, na suruali yake ilikuwa mpya.

"Ndiyo, Papa. Nilibadirisha. Munisamehe."

Basi. Hakuongeza neno. Mama Chilufya alijifunika mdomo. Huku nyuma walianza kunong'ona, wa kwetu kwa Kiluba na wao kwa Kibemba, na sikuhitaji mkalimani. Ntumba alimtazama mchumba wake kama mtu anayesoma tangazo la msiba, kisha akauingiza mkono wenye pete chini ya kitenge chake. Nilimwona. Niliona kitenge kinatikisika pale alipokuwa anaivua.

Adalbert bado alikuwa amesimama na kioo chake. Lakini nimekaa na mtu huyu miaka, namjua mgongo. Niliona shingo yake inashuka. Alikuwa anatazama mahali ambapo mkono wa Ntumba ulikuwa, mahali ambapo jiwe lilikuwa linawaka muda mfupi uliopita, na alikuwa ameelewa. Alielewa kwamba hakuna anayebadilisha jiwe ili aibe halafu akaleta linalowaka zaidi. Alielewa kijana alirudi dukani peke yake, akachukua lile jepesi lenye vipimo vizuri, akafunga mdomo ili mzee abaki na sifa zake. Alihitaji sentensi moja tu ya kumtetea. Mume wangu ambaye hakosi sentensi.

Alikohoa.

"Basi," alisema. "Mutoto ni mutoto. Mimi niko muzazi. Ninamusamehe. Mambo iendelee."

Watu walishusha pumzi. Wengine walipiga makofi, wakasema Papa Diamant ana moyo. Na Mapalo, bado yuko chini, aligonganisha viganja polepole jinsi Wabemba wanavyoshukuru, akasema, "Natotela, mukwai." Alishukuru kusamehewa.

Hapo mimi sikuweza tena. Sikufikiri, ningefikiri ningekaa. Nilisimama, nikapita katikati ya viti, nikaenda kusimama mbele ya mkwe wangu, nikavuta kitambaa kutoka kwenye nyusi. Dada yangu alipiga kelele, "Albertine, buko!" Nilimsikia vizuri.

"Mapalo. Unitazame."

Hakunitazama. Alitazama vidole vya miguu yangu.

"Ulirudisha jiwe ya Papa juu ya nini, sababu gani?"

"Mama, munisamehe."

"Sikukuuliza musamaha. Juu ya nini?"

Niliona anatafuta, kweli anatafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Mama, ile ya Papa ilikuwa munene sana," alisema. "Na kidole ya Ntumba iko kadogo. Ingemulemea."

Uwanja mzima ulicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokaribia kupigana wakapata njia ya kutokea. Papa Kunda alicheka akajifuta macho, msemaji wetu akasema hii ni mapenzi mengi, Mama Chilufya akaanza wimbo. Adalbert naye alicheka. Alipewa mlango, mlango mpana, na kijana aliyeko vumbini ndiye aliyemfungulia. Jiwe lake lilikuwa kubwa kupita kiasi, basi. Kosa gani hilo? Angeweza kuishi na maneno hayo mpaka kaburini, na kuyahadithia.

Nilimtazama mume wangu. Sikumkunjia uso. Nadhani nilikuwa namwomba apite, yaishe, tule.

Aliacha kucheka.

"Anadanganya," alisema. Wimbo ulikuwa unaendelea, akalazimika kusema tena kwa nguvu. "Mutoto anadanganya! Anadanganya juu yangu, ili anifunike."

Wimbo ukakatika.

"Ile jiwe nilichagua ilikuwa mubaya. Ilikuwa na giza katikati. Dédé alinionyesha vipimo, huyu naye aliniuliza na heshima, nikamufunga kinywa." Akakirudisha kioo chake mfukoni. "Mimi nilinunuaka jiwe ya mu udongo. Ya kukatwa siijue. Sikuijuaka hata siku moja. Bale bote banaletaka bintu byabo kwangu, ninabadanganyaka. Na saa hii nilimuita mutoto huyu mwizi, nikajua haiko mwizi, nikamusamehe. Mulisikia? Mimi njo nilimusamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi wa baiskeli alitazama chini. Mwanakwaya mmoja, ambaye kidani chake Adalbert alikisifu mwezi uliopita, alikishika shingoni akakiachia. Nilikuwa nimeomba kwa wiki nyingi aseme kweli, na alipoisema nilitamani nimrudishie yote mdomoni, kila neno, nimfunike na kitambaa changu, nimwondoe pale.

Ntumba alikuwa analia. Alirudisha pete kidoleni, ikamkwama kwenye kiungo, akailazimisha. Kisha akaenda kupiga goti vumbini kando ya Mapalo, bila kumtazama, maana naye alikuwa ameshaamini ubaya wake na sasa hakujua pa kuweka macho.

Mapalo alisimama kwanza. Alikwenda mwenyewe kwenye meza ya chakula, kazi ambayo siku ile haikuwa yake, akapakua bukari, yaani ugali, na nyama ya mbuzi, akachagua vipande vizuri, akavibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye kiti cha mume wangu, akainama.

"Papa, mukule."

Adalbert aliipokea sahani. Alimega tonge, akalishika, halafu akaketi hivyo hivyo nalo mkononi, machozi yanaingia kwenye mchuzi, na kijana akabaki ameinama mbele yake akimkinga watu wasimwone.